Jicho Lililokauka Mapema

Mzee Dole hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na waendesha baiskeli, kwa sababu ya kidole gumba chake cha kulia, kipana kama upawa, ambacho kwa miaka kumi na tisa ndicho kilichoamua nani apande kilima na nani arudi nyumbani na baiskeli yake safi. Mvua ikinyesha, lango la msitu linafungwa. Ikikatika, watu wanasubiri dole. Mzee anapanda peke yake na jembe begani, anachokonoa hapa, anafinya pale, anashuka, anageuza kibao kinachoning'inia langoni. Upande mwekundu, rudi kwenu. Upande wa kijani, haya, kavunjeni miguu.

Na usidhani ni kazi ya kubabaisha. Kabla ya hapo alifyatua matofali miaka ishirini, na mfyatua matofali haambiwi kitu kuhusu udongo. Alikuwa akichota donge njiani, analisokota viganjani mpaka linakuwa uzi. Uzi ukikatikakatika, njia imekauka. Uzi ukikubali kukunjwa kama mkia wa mjusi, njia bado, hata kama juu pamepauka na vumbi linatimka. Wageni walikuwa wakimbishia. Wanasema, mzee, mbona pakavu? Naye anawajibu kwa jibu lilelile kila mwaka.

"Tofali hukauka nje kwanza. Ukiliona limepauka ukalitia tanuru na ndani bado lina maji, litapasuka, na halipasuki peke yake."

Kilima kile alikijua kuliko alivyowajua ndugu zake. Juu kabisa, mahali paitwapo Mgongo, ni kichanga na changarawe, na upepo unapiga mchana kutwa. Mvua ikikatika asubuhi, alasiri watu wanapita. Upande wa mawio udongo ni tifutifu na unapata jua la mapema, siku moja na nusu inatosha. Chini ya miti mikubwa majani yaliyooza yanashika maji kama godoro la mtoto, huko subiri siku tatu. Na jambo ambalo wageni hawakulikubali kamwe ni kwamba tambarare ni mbaya kuliko mteremko. Maji ya mteremko yana pa kwenda. Ya tambarare yanakaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu mmoja akipita hapo kabla ya wakati, gurudumu linachora mfereji, mfereji unashika maji ya mvua ijayo, na kosa la dakika moja mnalifukia mwezi mzima.

Halafu kulikuwa na Jicho.

Jicho ni kona iliyokatwa ubavuni mwa kilima, upande usiopata jua mpaka saa tisa. Juu yake ukuta wa udongo mwekundu wa mfinyanzi, chini yake korongo. Kwenye shina la ukuta palikuwa na jicho la maji, dogo tu, maji meupe ya kunywa, yakichuruzika na kukatisha njia. Mvua ya siku moja, Jicho lilitaka siku tano kukauka. Wote waliteleza pale. Shemeji yake Mzee Dole, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli, aliteleza pale mara tatu mbele za watu, na kila mara akasema ni breki.

Mwaka uliopita chama kilitaka kualika wageni kwa mbio za mwaka, na shemeji akaja na ombi.

"Shemeji, utaniaibisha mpaka lini? Likaushe lile Jicho."

Mzee Dole akamweleza namna ya kulikausha. Unachimba chini ya njia, unajaza mawe, maji yanapita kwa chini na watu wanapita kwa juu. Kila mtu anapata haki yake. Shemeji akaahidi mawe. Yakaja nusu lori, tena siku nane kabla ya mbio, na lori likaharibika na la pili halikuja. Mzee Dole alikaa pale konani akiyatazama yale mawe. Hayakutosha hata mtaro wa hatua tano. Ndipo mikono yake ikakumbuka kazi ya zamani. Akakanda mfinyanzi mgumu kama wa matofali, akaushindilia kwenye lile jicho la maji, tabaka la kwanza, tabaka la pili, tabaka la tatu, akamwaga changarawe juu, na yale mawe machache akayapanga ukingoni kwa uzuri. Siku mbili baadaye kona ilikuwa kavu kama sakafu.

Shemeji alipiga mguu chini, akacheka.

"Mawe yote yako humu?"

"Yako chini," akasema Mzee Dole.

Neno lenyewe ndilo hilo. Halikumtoka kwa ubaya. Alisema moyoni kiangazi kikija atarudi afanye kazi ya haki, nani atajua? Lakini mbio zikapendeza, na kwenye hotuba shemeji akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu bwana ameziba, watu wakapiga makofi, na Mzee Dole akapewa cheti chenye fremu. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akakitundika sebuleni juu ya cherehani yake. Wiki iliyofuata wakamwomba afanye vilevile Shingoni, njia nyingine inayoshuka nyuma ya kilima, ambako palikuwa na chozi la maji kama lile la Jichoni. Angewaambia nini? Akafanya vilevile. Kiangazi kilikuja kikaondoka. Kila alipopanga kuchimba aliwaza watu watakaouliza anachimba nini, na jembe likabaki ukutani.

Sasa mwaka huu mvua ikaja kwa hasira. Ilianza Jumapili mchana, ikapiga siku nne bila kuvuta pumzi, ikakatika Jumatano jioni. Mbio zilikuwa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi Mzee Dole akapanda. Mgongo ulikuwa umeshaanza kupauka, kama desturi. Chini ya miti palikuwa uji, kama desturi. Akafika Jichoni. Akainama, akachokonoa, akasokota. Uzi ukakatika vipande vitatu.

Alisokota tena. Ukakatika tena.

Ndugu yangu, mtu mwingine angefurahi. Mzee Dole aliacha kusokota, akaanza kuhesabu siku. Mvua ya siku nne, na kona iliyokuwa ikitaka siku tano kwa mvua ya siku moja imekauka kabla ya Mgongo. Hata yale majani ya chini ya njia, yaliyozoea kunywa pale mwaka mzima, yalikuwa yamelala manjano. Maji yote yale yalikuwa wapi? Hayakuwa njiani. Hayakuwa korongoni. Aliweka sikio kwenye ukuta wa mfinyanzi kama daktari, asisikie kitu, na kutosikia huko kukamtisha zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Palikuwa na mti juu ya kona, na kwenye mti msumari, na kwenye msumari huo alikuwa akitundika koti lake kila anapofanya kazi. Miaka yote koti lililala kwenye gome la mti. Siku hiyo lilining'inia hewani, mbali na gome, kana kwamba mti umeinama. Akapima kwa kidole chake: dole moja. Akajiambia ni upepo. Upepo haukuwepo.

Ijumaa mchana akarudi, akatundika koti. Madole matatu.

Jioni ile walikula pamoja sebuleni: yeye, mkewe, shemeji, na binti yao wa mwisho. Huyu alikuwa kitinda mimba, na jina likabaki hilohilo, Kitinda. Umri wake miaka ishirini na minne, fundi wa baiskeli, na ndiye mpasua njia wa chama: siku ya mbio anashuka peke yake kwanza, na akifika salama chini anapiga simu, ndipo wengine thelathini wanaachiwa. Kazi ya udongo alifundishwa na baba yake tangu hajaota meno ya pili. Siku hiyo mzee hakuweza kumtazama.

"Kesho tusifungue," akasema Mzee Dole. "Tuahirishe mpaka wiki ijayo."

Shemeji akaweka kijiko chini. "Wageni wamekwisha fika. Sababu?"

"Jichoni si pazuri."

"Pana maji?"

"Hapana maji."

"Panateleza?"

"Hapatelezi."

"Sasa mzee," shemeji akacheka, "hapana maji, hapatelezi, shida yake nini? Au mwaka huu unataka vyeti viwili?"

Kitinda naye akatabasamu. "Baba, nimepita pale leo saa kumi. Nimesokota mwenyewe, umekatika. Si ndivyo ulivyonifundisha? Tena mawe yako chini. Hiyo ndiyo kona salama kuliko zote."

Pale ndipo neno lilipomfika kooni. Alilisikia kabisa limekaa, zito, na lilikuwa fupi tu: hakuna mawe. Akainua macho yakaangukia kile cheti. Akamwona shemeji yake alivyokuwa akihutubia. Akamwona binti yake, ambaye kila mgeni akibisha humwambia, baba yangu kidole chake hakijawahi kusema uongo. Aibu ni kitu cha ajabu, inaweza kumfunga mdomo mtu mzima mwenye mvi. Akanywa maji, neno likashuka nayo.

"Nimesema tu," akasema. "Umri."

Mkewe hakucheka. Walipobaki wawili, alivuta uzi kwenye sindano na kusema bila kumtazama, "Ulipokuwa unafyatua matofali, ukirudi na uso huo, tulijua tanuru limepasuka. Leo kumepasuka nini?"

"Hakuna kitu, mama watoto."

"Mficha maradhi," mkewe akasema, na hakumalizia, maana mwisho wake kila mtu anaujua.

Jumamosi alipanda kunapambazuka, amebeba mtaimbo badala ya jembe. Hila yake ilikuwa hii: kibao alikiacha chekundu, na kabla watu hawajaamka vizuri atakuwa ameshazibua Jicho mwenyewe. Maji yatatoka, kona italowa, atashuka aseme, mnaona, niliwaambia, palikuwa na maji. Mbio zitaahirishwa, mawe atayatafuta, na hakuna atakayejua. Masikini, alikipenda kilima kile, na alimpenda binti yake kuliko kilima, lakini bado alitafuta mlango ambao ukweli hautapita.

Alitundika koti kwenye msumari kwa mazoea. Likaning'inia mbali na mti kiasi kwamba mkono wake wote ulipita katikati. Hakupima tena.

Akapiga mtaimbo kwenye tabaka la tatu. Kazi yake mwenyewe ilimkatalia. Aliushindilia udongo ule vizuri mno, fundi wa matofali. Akapiga la pili. Jasho likamtoka, na kila pigo akisikia ardhi inajibu kwa mbali, duu, kama mtu anayegonga debe lililojaa. Tabaka la kwanza lilipotoboka hakikutoka kitu kwanza. Halafu pakalowa doa jeusi. Halafu maji yakaja kwa nguvu, yakamrukia kifuani, na hayakuwa meupe. Yalikuwa mekundu, mazito kama chai ya maziwa.

Mzee Dole akaacha mtaimbo ukaanguka. Maji meupe ni maji yanayopita tu. Maji mekundu yanatoka na kilima chenyewe. Ndani humo kulikuwa kumeshalika kwa mwaka mzima, na siku nne zile zimemalizia. Juu yake mzizi ukakatika, tah. Halafu mwingine.

Na hapo akasikia friwili ya gurudumu la nyuma la baiskeli huko juu, trrr, trrr, inashuka.

Kitinda alikuwa amefika langoni, akakuta kibao chekundu, akajua ni woga wa mzee wa jana usiku. Akainama, akasokota udongo, ukakatika. Akakigeuza kijani kwa mkono wake, akapanda na wenzake mpaka Mgongoni, akaanza kushuka kwanza.

Mzee Dole alikimbia kupandisha, mikono juu, katikati ya njia. Binti yake akatokea kwenye mpindo, akaona mtu, akabana breki zote mbili, gurudumu la nyuma likakwaruza changarawe na kusimama nusu hatua kutoka magotini pa baba yake.

"Baba! Ungeniua. Mbona umelowa hivyo?"

"Rudi juu."

"Kwa nini? Pamekauka." Na kweli, alivyozoea, mkono ulishaanza kuinama kuchota donge.

"Acha kusokota," akasema Mzee Dole. "Hakuna mawe, mwanangu. Yalikuja nusu lori, hayakutosha. Niliziba jicho la maji kwa udongo, nikawadanganya. Pamekauka kwa sababu maji yote yako ndani. Kimbia."

Kitinda alimtazama. Uso ule Mzee Dole hakuwahi kuuona tangu amzae. Akalaza baiskeli chini, akamshika baba yake mkono wenye tope, wakapanda wakikimbia, mzee akihema kama mvukuto. Walikwenda hatua kama hamsini. Nyuma yao kukawa na sauti ya kitambaa kinachochanika, ndefu. Walipogeuka, ule mti wenye koti ulikuwa unatembea. Ulisogea bila kuanguka, pole pole, na ukuta wote ukausindikiza, kona ikaondoka na baiskeli ya Kitinda juu yake, vikaingia korongoni vyote. Vumbi halikutimka hata kidogo. Palibaki kidonda chekundu kinachotoa maji.

Wakakaa chini. Mzee Dole akamshika binti yake kichwa, mabega, mikono, kama anayehesabu. Alikuwa mzima. Akalia, na hakuona haya kulia.

"Nisamehe, mama."

"Niache nipige simu," akasema Kitinda, sauti imekauka. "Wako juu wanasubiri." Akabonyeza, akaweka sauti ya nje ili baba yake naye asikie. "Mjomba? Usimwachie mtu yeyote. Jicho limekwenda. Kona nzima."

"Eti limekwenda?" Sauti ya shemeji ilikuja na upepo mwingi. "Wewe uko salama? Na mzee?"

"Tuko salama."

"Alhamdulillahi. Sikiliza, Kitinda, mwambie baba yako leo nimemvulia kofia. Jana usiku sikulala. Nilijiuliza, huyu mtu miaka kumi na tisa hajawahi kunibembeleza kitu, na jana kanibembeleza. Nikasema kidole kile nitakiheshimu, hata kama sikielewi. Wewe ulipokwisha shuka, nimewageuza watu. Hakuna hata mmoja anayekuja Jichoni."

Kitinda akafumba macho, akashusha pumzi. "Umewarudisha langoni?"

"Langoni wapi, na wageni wamepanda mpaka huku? Nimewapitisha Shingoni. Huko nako si mzee alituwekea mawe? Pakavu, pazuri, tunashuka sasa hivi. Mimi ndiye wa nyuma kabisa. Ngoja nitie simu mfukoni, hapa panataka mikono miwili."

Kitinda alifumbua macho akamgeukia baba yake.  Alisoma usoni, na kabla mzee hajafungua mdomo alikuwa ameshasimama na filimbi yake ya mpasua njia mdomoni, anakimbia kuelekea Mgongoni kwa miguu, anapuliza, na upepo unairudisha filimbi huku chini.

Simu ilibaki juu ya jiwe, haijakatwa. Mzee Dole akaichukua kwa mikono yote miwili.

"Shemeji," akasema. "Shemeji, simama. Shingoni hakuna mawe. Niliziba kwa udongo, kama Jichoni. Rudisha watu."

Upande wa pili kulikuwa na upepo, na kitambaa cha mfuko kinachosugua, na watu wa mbele wanaoitana kwa furaha. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi. Halafu akaanza tangu mwanzo, kila kitu, lile lori, mawe nusu, mfinyanzi, tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na lile neno alilosema, na jana mezani alivyolimeza. Alieleza vizuri, bila kuficha hata moja, kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima. Na mfukoni mwa shemeji yake friwili iliendelea kulia, trrr, trrr, ikishuka Shingoni.